Pete ya Chanda Chema

  

Leo, kwa dakika hizi chache tulizojaliwa kuwa pamoja, nataka tuzungumze habari ya mwalimu anayesoma. Sisemi mwanafunzi wa ualimu aliye chuoni, ambaye kazi yake ni kusoma tu na chakula chake hupikwa na wengine. Nasema mwalimu aliyekwisha ajiriwa, mwenye darasa lake na watoto wake na nyumba yake, ambaye mchana husomesha na usiku husoma, akatafuta stashahada au shahada bila ya kuiacha kazi hata siku moja. Walimu wenyewe huliita jambo hili kujiendeleza. Ni neno zuri, kwa maana ndani yake mna ukweli kwamba mtu huyu hakuendelezwa na mwingine, amejiendeleza mwenyewe. Na swali nitakalowauliza leo ni moja tu, nami nitalirudia mara kwa mara ili lisipotee njiani: mwalimu huyu akisha kukipata alichokitafuta kwa jasho lake, sisi tunampa nini?

Niruhusuni nianze kwa kisa.

Nilikuwa ndani ya basi nikitoka Tanga kuja Dar es Salaam. Tulipofika Segera, pale njia ya Tanga inapokutana na njia ya Moshi, wachuuzi wakalizunguka basi na mabeseni yao ya machungwa, na katika msukumano ule akapanda mama mmoja wa makamo, akaketi kando yangu. "Shikamoo, mzee," akaniamkia. "Marahaba, mwanangu. Huko utokako hawajambo?" "Hawajambo, mzee, twamshukuru Mungu." Alikuwa na mizigo miwili: kikapu cha ukili kilichojaa madaftari, na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa fundo, ambao hakuuweka chini wala juu ya kichanja cha mizigo, bali aliupakata kama mtu anavyompakata mtoto mchanga.

Hatujafika Kabuku, alikwisha tandaza kanga magotini, akayapanga madaftari juu yake, akatoa kalamu nyekundu na kuanza kusahihisha. Yalikuwa madaftari ya hesabu ya darasa la nne. Nikawa namtazama: basi likikaribia tuta kalamu huinuka, likitulia kalamu hushuka, na palipokuwa na kosa hakuweka alama ya mkasi tu akapita, bali aliandika pembeni, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, namna hesabu ile ilivyopaswa kufanywa. "Mwalimu," nikamwambia, "hata safarini?" Akatabasamu. "Jumatatu watayataka, mzee. Wakiyakosa watasema mwalimu kalala."

Mazungumzo yakatuchukua. Nikajua kwamba ameshika chaki miaka kumi na sita; kwamba aliingia kazini na cheti cha ualimu cha daraja la A; kwamba baadaye alitafuta sifa za kuingia chuo kikuu, akapewa ruhusa na mwajiri wake kwa barua yenye muhuri, akasoma kwa njia ya masafa mpaka akahitimu shahada ya ualimu. Nikampa mkono wa pongezi. Akaupokea, kisha akafungua fundo la ule mfuko wa nailoni, akanionyesha vilivyomo: barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya ruhusa ya masomo, cheti cha shahada, orodha ya matokeo yake, hati za mshahara, na nakala za barua alizoandika yeye kukumbusha. Nyaraka zile zilikwisha tolewa nakala juu ya nakala, hata muhuri wa ile barua ya ruhusa ulikuwa hausomeki tena. Ulikuwa umekuwa doa jeusi la duara. Ulikuwa mwaka wa pili tangu ahitimu, na alikuwa akitoka kufuatilia mshahara wa elimu yake mpya, safari ya sita, na jibu alilopewa lilikuwa lile lile la safari ya tano: arudi shuleni, ataitwa.

Akayarudisha makaratasi mfukoni moja moja, akafunga fundo lake, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kusoma hakukunichosha, mzee. Kilichonichosha ni mfuko huu."

Jina la mwalimu yule sitalitaja, wala shule yake, wala halmashauri yake, kwa sababu sikuja hapa kumshitaki mtu. Nimekuja kuuliza swali, na swali ni lile lile: mwalimu huyu tunampa nini?

Sasa, wasikilizaji wangu, kabla hatujalijibu, na tupime kwanza alichokitoa, kwani haifai kukadiria ujira kabla ya kuijua kazi. Fikirini siku moja ya mwalimu anayejiendeleza. Alfajiri yuko njiani kwenda shule. Mchana ana vipindi, ana zamu, ana maandalio ya somo na azimio la kazi. Jioni ana madaftari, na darasa la watoto sabini lina madaftari sabini. Magharibi ana jiko, ana wagonjwa, ana wageni, ana misiba ya jirani. Maana mwalimu wa kijijini ndiye mwandishi wa barua, ndiye katibu wa kamati, ndiye mshauri wa ndoa. Watu wakisha kulala, ndipo yeye huvuta taa karibu na kukifungua kitabu chake mwenyewe. Ada hutoka katika mshahara ule ule unaolisha nyumba. Nauli ya kwenda kufanya mtihani hutoka humo humo. Na likizo, ambayo wenzake huitumia kulima au kupumzika, yeye huitumia kusoma. Hufanya hivyo miaka mitatu, minne, mitano, pengine sita. Je, hiyo si jitihada? Je, mtu wa namna hii si ndiye tunayemtaka awe mbele ya watoto wetu, akiwaambia kwamba elimu haina mwisho, naye maneno yake yakishuhudiwa na maisha yake?

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Nitawakumbusha habari tatu.

Habari ya kwanza inaihusu redio yenyewe, chombo hiki kinachonifikisha kwenu. Mwezi wa Novemba mwaka 1974, pale Musoma, iliamuliwa kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule apate nafasi ya elimu ya msingi, tena upesi, ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuwapo, na majengo wananchi waliweza kuyajenga kwa mikono yao. Walakini walimu walikuwa wapi? Vyuo visingeweza kuwatoa wote kwa muda ule. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa shuleni kusomesha huku wenyewe wakisomeshwa, kwa masomo yaliyokwenda kwa posta, kwa wakufunzi waliowatembelea, na kwa vipindi vya redio. Naam, kwa redio! Kijana alisomesha asubuhi, na baadaye akakaa na wenzake kuzunguka redio, daftari mkononi. Wengi kati yao walianzia daraja C, wakapanda ngazi kwa kujisomea na kufanya mitihani mpaka daraja A, na wapo waliofika mbali zaidi ya hapo. Shule zetu za msingi za miaka ile zilibebwa kwa sehemu kubwa na mabega ya watu waliokuwa wakijifunza kazi ndani ya kazi.

Habari ya pili ni ya mtu tunayemjua sote. Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere, akasomesha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, na mwaka 1949, akiwa mwalimu tayari, akaondoka kwenda Edinburgh kutafuta shahada. Aliporudi mwaka 1952 alikwenda kusomesha Pugu. Na katika vyeo vyote alivyovipata baadaye, vikubwa kwa vidogo, jina walilomwita watu na ambalo hakulikataa mpaka alipofariki ni lile la kazi yake ya kwanza: Mwalimu. Basi taifa ambalo baba yake alikuwa mwalimu aliyetoka darasani kwenda kuongeza elimu lina haki gani ya kumwona mwalimu anayejiendeleza kuwa msumbufu?

Habari ya tatu ni ya karibu zaidi. Mwaka 1992 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo ambacho mwanafunzi wake hahitaji kuhama kwake ili asome. Vituo vyake viko mikoani, na vitabu humfuata mtu alipo. Ni akina nani waliomiminika humo? Wapo maaskari, wapo makarani, wapo wauguzi. Lakini walimu walikuwamo kwa wingi tangu mwanzo. Mlango ulifunguliwa, na walimu wakaingia. Nasema hivi ili ieleweke kwamba dola yenyewe ndiyo iliyofungua mlango. Na mwenyeji akifungua mlango na kusema "karibu", haimpasi kumwacha mgeni amesimama ukumbini hata miguu ikamfa ganzi.

Haya, sasa turudi kwenye swali letu. Tunampa nini?

Kwa mujibu wa utaratibu, anastahili kupewa kitu kilicho wazi. Mishahara ya walimu wa serikali imepangwa kwa ngazi zinazoitwa TGTS: mwenye astashahada huanzia ngazi ya B, mwenye stashahada huanzia C, na mwenye shahada huanzia D. Mwalimu aliyejiendeleza kwa ruhusa ya mwajiri, katika fani inayohusu kazi yake, hutarajia kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishwa kutoka safu ya astashahada kwenda safu ya elimu yake mpya. Hapo pana insafu, wala hapana mgogoro. Mgogoro huanza utekelezaji unapokuja, na mimi nauona katika mambo mawili.

La kwanza ni kungoja. Ili mwalimu abadilishiwe muundo, nafasi yake haina budi iwemo katika ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na fedha yake iwe imetengwa katika bajeti ya mwaka, mwaka wa serikali ambao huanza Julai. Cheti chake kikija baada ya bajeti kufungwa, hungoja bajeti nyingine. Na bajeti nyingine ikija, pengine jina lake halikuandikwa, au nafasi zilizotengwa ni chache kuliko wanaozistahili. Basi hungoja tena. Na wapo waliokutwa na mwaka 2016, serikali iliposimamisha upandishaji wa madaraja ili kuwahakiki watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi, wakangoja pamoja na wengine wote, mpaka mambo yalipoanza kufunguka tena. Wahenga walisema, ngojangoja huumiza matumbo.

La pili ni zito kuliko la kwanza, nami naomba mlisikilize kwa makini. Mwalimu mwenye astashahada hapandi kwa cheti peke yake. Hupanda pia kwa miaka ya utumishi wake mwema. Aliyeanzia B, baada ya miaka mingi, huenda akawa amefika D au amepita. Sasa mtu huyu akipata shahada, nasikia walimu wengi wakilalamika kwamba huwekwa katika ngazi ya mwanzo ya wenye shahada, akawa sawa na kijana aliyetoka chuoni jana. Na hata pale mshahara wake unapoachwa bila ya kupunguzwa, foleni ya kupanda daraja huianza upya kutoka nyuma. Miaka kumi na sita ya chaki imekwenda wapi? Mwenzake ambaye hakusoma, aliyeajiriwa naye siku moja, anaendelea kupanda kwenye safu yake. Na yeye aliyekesha na taa anaambiwa aanze. Wasikilizaji wangu, ukimlipa mtu namna hiyo unawafundisha nini wenzake walio katika chumba cha walimu? Unawafundisha kwamba usingizi una faida kuliko kitabu.

Najua ziko hoja za upande wa pili, na si haki kuzificha. Tuzipime moja moja.

Wako wasemao: cheti si ualimu. Wanasema wamewaona wenye shahada wasiojua kumfundisha mtoto kusoma, na wamewaona wa daraja A ambao darasa lao lote husoma ifikapo katikati ya mwaka. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali. Lakini tazameni, sizungumzii hapa mtu aliyepata cheti kabla ya kumwona mtoto. Nazungumzia mtu aliyekwisha kuwa mwalimu, ambaye kila alichokisoma usiku kuhusu namna mtoto anavyojifunza alikijaribu asubuhi mbele ya watoto halisi. Akikiona kina tija hukishika, akikiona hakifai hukiacha. Elimu yake haikukaa kitabuni. Ilipita darasani kila siku. Kama kuna shahada iliyojaribiwa motoni kama dhahabu, ni hiyo. Na kama twataka kuhakikisha, wathibiti ubora wako, wakuu wa shule wako. Waende wakaone akisomesha. Mwalimu wa kweli haogopi kuonwa.

Wako wasemao: fedha haitoshi. Serikali ina mambo mengi, na wanaojiendeleza ni wengi. Hoja hii nayo ina uzito, kwa maana hazina si kisima kisichokauka. Lakini mimi nauliza: hivi mwalimu huyu alihitimu kwa siri? Barua ya ruhusa aliitoa nani? Mwajiri. Muda wa masomo umeandikwa wapi? Katika barua hiyo hiyo. Basi siku ile ruhusa inapotolewa, mwajiri anajua kwamba baada ya miaka mitatu au minne patakuwa na mtu wa kubadilishiwa muundo. Deni lijulikanalo miaka mitatu kabla si dharura. Ni kukosa kuandika. Mwenye duka anayejua kwamba Ramadhani itafika huweka tende mapema. Hashituki mwezi unapoandama akasema hakupewa habari.

Na wako wasemao, nao hawa nawaheshimu zaidi, kwamba mwalimu wa shule ya msingi akisha kupata shahada hutaka kuhamia sekondari, au kuhamia mjini, au kuuacha ualimu kabisa. Hivyo kumsaidia asome ni kumsaidia aondoke. Ndugu zangu, na tuseme ukweli: kwa nini anaondoka? Mara nyingi huondoka kwa kuwa haoni kwamba elimu yake inatambuliwa pale alipo. Mpe mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye shahada, mshahara wa shahada na heshima ya shahada akiwa papo hapo darasa la kwanza, kisha uone kama atakwenda. Mtoto wa miaka sita anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza anahitaji mwalimu hodari kuliko hata kijana wa kidato cha nne, kwa kuwa nyumba husimama au huanguka kwa msingi wake. Imekuwaje basi tufikiri kwamba mwenye elimu kubwa amepotea njia akikutwa na watoto wadogo?

Basi, wapenzi wasikilizaji, hoja zimepimwa. Sasa niseme ninachokitaka. Nataka mambo matatu. Na kwa kuwa redio haina ukurasa wa kurudia nyuma, nitayasema polepole, kisha niyarudie.

Jambo la kwanza: apewe kwa wakati. Barua ya ruhusa ya masomo iwe ndiyo mwanzo wa hesabu. Siku inapotiwa saini, jina la mwalimu na mwaka wake wa kuhitimu viandikwe katika makadirio ya ikama ya mwaka ule, ili cheti kikija kikute kiti kimekwisha wekwa. Na ikitokea kuchelewa, basi malimbikizo yahesabiwe tangu siku alipowasilisha cheti, siyo tangu siku jalada lilipofunguliwa mezani. Kwetu pwani, tangu madrasani, tumefundishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mwalimu yule wa Segera lilikwisha kukauka, likaloa tena kwa safari za kufuatilia.

Jambo la pili: asipoteze miaka yake. Elimu mpya iongezwe juu ya uzoefu wa zamani, isije ikaufuta. Kipimo cha mshahara wa mwalimu kina mizani ya sahani mbili, elimu na utumishi. Haiwezekani ukaongeza katika sahani moja kwa kupunguza katika ya pili, kisha ukasema umempa zawadi. Mapendekezo ya kimataifa juu ya hadhi ya walimu, yaliyopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba mwaka 1966, ambayo kwa ajili yake dunia huadhimisha Siku ya Walimu kila mwaka, yanatambua yote mawili, elimu ya mwalimu na miaka yake ya kazi. Na hata pasingekuwa na waraka wowote wa Paris, akili ya mtu mwenye insafu ingefika hapo yenyewe.

Jambo la tatu: atumiwe. Hili halihitaji bajeti kubwa, nalo huenda ndilo limesahauliwa kuliko yote. Mwalimu aliyejifunza mbinu mpya za kufundisha hesabu, nani amemwomba awaonyeshe wenzake? Leo tuna mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni na katika vituo vyao kujifunza wao kwa wao. Ni nani anayefaa kuyaongoza mafunzo kama hayo kuliko yule aliyekesha miaka minne na vitabu bila ya kuacha darasa? Mwiteni, mpeni chaki, mpeni dakika arobaini mbele ya wenzake. Mkuu wa shule amtangaze mbele ya wanafunzi siku ya mstari: "Watoto, mwalimu wenu amehitimu." Kamati ya shule na wazazi wampe mkono. Mtoto anayeyasikia hayo huenda nyumbani na fikra mpya kichwani, kwamba mtu mzima naye husoma, naye hufanya mtihani, naye huogopa matokeo kama yeye.

Narudia, wasikilizaji wangu, ili tuondoke nayo. Moja, apewe kwa wakati. Mbili, asipoteze miaka yake. Tatu, atumiwe.

Kwa wenye madaraka, katika halmashauri, katika Tume ya Utumishi wa Walimu, na katika ofisi zishikazo ikama na fedha, nina neno moja la heshima. Uhakiki wa vyeti ulipofanyika, maelfu ya waliokuwa na vyeti vya kughushi waliondolewa kazini. Na wananchi walielewa, kwa sababu cheti cha uongo ni wizi. Lakini hukumu ile ilikuwa na ikirari ndani yake: ilikiri kwamba cheti kina thamani. Serikali iliyojua kumtambua mwenye cheti cha uongo na kumtoa, ijue vile vile kumtambua mwenye cheti cha kweli na kumtunza. Macho yale yale yaliyoitazama karatasi kwa ukali, yaitazame sasa kwa ihsani.

Na kwenu walimu mnaosoma, ninyi ambao huenda mnanisikiliza sasa na kitabu kimefunguliwa mbele yenu: ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kuanza, someni fani inayoingia darasani kwenu, hifadhini nyaraka zenu zile za asili, nakala ndizo ziende ofisini, wala msiwaache watoto nyuma kwa sababu ya mtihani wenu wenyewe, maana haki yenu ina nguvu pale wajibu wenu unapokuwa safi. Na msichoke. Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda chema kizunguke mji mzima kikiitafuta pete. Walisema huvikwa, na mwenye kuvika ni sisi.

Tulipofika Chalinze mama yule alishuka ili apate gari jingine. Alikwisha maliza madaftari yote. Alikuwa ameyafunga kwa kamba ya katani, sabini na kitu, kila moja limesahihishwa. Kikapu alikitia begani bila ya taabu, kwa kuwa kazi iliyokwisha ni nyepesi kuibeba. Lakini ule mfuko wa nailoni aliushika kwa mikono miwili, akasimama kando ya njia katika vumbi la mabasi, akaniaga kwa kichwa.

Namwomba Mungu itakapofika siku nyingine nikutane naye katika njia ile, nimwone na kikapu chake tu.